Austen, akina Brontë au Mary Shelley: kijana aanze na wasifu wa nani?

Kama unamtafutia kijana wa sekondari wasifu wa mwanamke aliyeandika riwaya zile za zamani zinazosomwa mpaka leo, utakutana na majina yale yale, Jane Austen, akina dada Brontë, Mary Shelley. Bahati nzuri wote hao wameandikiwa vitabu na mtu mmoja, Catherine Reef wa Marekani, na kawaandikia vijana hasa, sio watoto wadogo na sio wasomi wa chuo. Cha Austen kilitoka 2011, cha akina Brontë 2012, cha Mary Shelley 2018, mwaka ambao riwaya yake Frankenstein ilikuwa inatimiza miaka 200. Mwandishi akiwa mmoja kulinganisha kunakuwa rahisi maana mtindo ni ule ule, Kiingereza chake kinaeleweka, kuna picha na michoro ya zamani humo ndani, urefu unakaribiana, kwa hiyo kinachotofautisha ni maisha yenyewe. Wengi wanachagua kwa jina tu, Austen ndo anajulikana basi nichukue Austen, alafu kijana anakiacha njiani na mzazi anaanza kusema mtoto wangu hapendi kusoma.

Mimi kabla ya yote huwa naangalia kitu kimoja, huyu mtu aliacha karatasi gani nyuma yake. Barua, shajara, madaftari. Sababu mwandishi wa wasifu akiwa mkweli hawezi kwenda mbali kuliko karatasi zilizobaki, na akienda mbali zaidi anatunga. Hapo hawa watatu wako tofauti sana, na hilo linabadilisha kabisa ladha ya kitabu utakachomkabidhi mtu.

Tuanze na Austen. Kazaliwa Desemba 1775 kijijini Steventon, Hampshire, Uingereza, baba kasisi, watoto nane na yeye wa saba, kafariki Julai 1817 mjini Winchester akiwa na miaka 41, hakuwahi kuolewa. Hapo katikati ukitafuta mikasa hupati mingi. Kinachouma ni kwamba dada yake Cassandra, ambaye ndo alikuwa anaandikiwa barua nyingi kuliko mtu yeyote, alizichoma nyingi kabla hajafa na nyingine akazikata vipande, zilizobaki ni kama 160 tu. Hata sura yake hatuijui vizuri, mchoro wa uso unaoaminika ni ule mdogo aliouchora Cassandra kwa penseli na rangi ya maji kama mwaka 1810, na mpwa wao mmoja alilalamika kwamba haufanani naye kabisa. Sasa Reef kwenye kitabu cha Austen inabidi aizunguke hiyo pengo, anaelezea sana mazingira, sherehe za kucheza densi, kaka zake wawili waliokuwa jeshi la majini, urithi unavyokwenda kwa wanaume, na anasimulia na riwaya zenyewe zinahusu nini. Kwa kijana ambaye hajasoma riwaya hata moja hiyo inasaidia, ila kwa ambaye anataka kuzisoma baadaye atakuwa ameshajua mwisho wake, hilo lijue mapema.

Lakini usimdharau Austen. Kuna kisa kimoja cha Desemba 1802 ambacho mimi ningemnunulia binti kitabu kwa ajili yake tu. Kijana mmoja mwenye mali, Harris Bigg-Wither, kaka wa marafiki zake, alimposa jioni na Jane akakubali, nyumba nzima ikafurahi, akaenda kulala, asubuhi akashuka akasema hapana. Alikuwa anakaribia miaka 27, hana pesa zake, baba mzee, na kwa ndoa ile angekuwa na nyumba kubwa na uwezo wa kuwatunza wazazi na dada yake. Barua inayoeleza usiku ule aliwaza nini haijabaki. Unaachiwa tu tendo lenyewe na wewe ufikirie, na nina hakika mabinti wa miaka 16 wana mengi ya kusema hapo maana presha ya ndoa wanaijua, wanaiona kwa dada zao na shangazi zao.

Na kuna upande wa pesa ambao kwa maoni yangu ndo nguvu kubwa ya maisha ya Austen. 1803 aliuza mswada kwa pauni 10, mchapishaji akaukalia miaka na miaka, hakuutoa, mpaka 1816 familia ikaununua tena kwa pauni 10 zile zile, ukaja kutoka kama Northanger Abbey mwenyewe ameshafariki. Riwaya yake Pride and Prejudice aliuza haki zote kwa pauni 110, kitabu kikatoka 1813 na kikachapwa mara ya pili mwaka huo huo, yeye hakuongezewa kitu. Kijana anayeandika hadithi kwenye simu yake na kuota kuishi kwa kuandika anatakiwa asome hizo kurasa. Na asome pia ile habari ya Chawton, kijumba alichohamia 1809 na mama yake na dada yake, pale kuna meza ndogo ya pembe 12 aliyoandikia, ndogo kiasi cha kutosha karatasi na kidau cha wino basi, na mpwa wake alikuja kusimulia kwamba mlango mmoja ulikuwa unalia ukifunguliwa na Jane alikataa usitengenezwe, sababu ule mlio ulimpa nafasi ya kuficha karatasi kabla mtu hajaingia.

Akina Brontë sasa ni habari nyingine. Kwanza sio mtu mmoja, ni Charlotte, Emily na Anne, na kaka yao Branwell, wanalelewa Haworth, Yorkshire, baba ni kasisi aliyetoka Ireland, mama kafariki 1821, dada wawili wakubwa wakafuata 1825 baada ya kuugulia shule ya bweni ambako chakula na baridi vilikuwa ni mateso. Charlotte alikuja kuiweka shule ile ndani ya riwaya yake Jane Eyre na watu wakaitambua. Kijana anayesoma bweni sidhani kama ataiweka chini hiyo sura.

Kinachovutia kwa vijana hapa ni utoto wao. Juni 1826 baba alimletea Branwell askari wa kuchezea wa mbao, kila mtoto akachagua wake akampa jina, kutoka hapo wakaanza kutunga nchi nzima, Angria ya Charlotte na Branwell, Gondal ya Emily na Anne, na wakatengeneza vitabu vidogo sana vya kuenea kwenye kiganja, herufi ndogo mno kama zimechapwa na mashine, vimeshonwa kwa mkono, saizi ya kusomwa na wale askari. Vingine bado vipo. Mtoto ambaye ana madaftari yamejaa katuni na ramani za nchi zake mwenyewe, na watu wazima wanamwambia anapoteza muda, huyu mpe Brontë bila kujiuliza mara mbili, maana atakutana na watu wa aina yake waliofanya hivyo hivyo mpaka utu uzima.

Shida ya wasifu wa akina Brontë ni ile niliyosema ya karatasi. Charlotte aliandika mamia ya barua kwa rafiki yake Ellen Nussey na nyingi zimebaki. Emily karibu hakuacha kitu, vijibarua vichache na vikaratasi vya kumbukumbu alivyokuwa anaandika na Anne kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo kitabu jalada linasema dada watatu ila ukikifungua sauti unayoisikia zaidi ni ya Charlotte, Emily unamwona kwa mbali akipita na mbwa wake kwenda nyikani. Hilo sio kosa la Reef, mtu yeyote akiandika atakwama pale pale, lakini kama kijana wako kaipenda Wuthering Heights, riwaya ya Emily, na anataka kumjua aliyeiandika, mwambie kabisa kwamba atamaliza kitabu bado ana njaa.

Kuna na habari ya barua za Brussels, Ubelgiji. Charlotte alikwenda kusoma na kufundisha kule, akampenda mwalimu wake Constantin Heger, mtu mwenye mke, aliporudi nyumbani akawa anamwandikia, barua zikachanwachanwa kisha zikaunganishwa tena, nyingine kwa uzi. Elizabeth Gaskell aliyeandika wasifu wa kwanza wa Charlotte 1857 alijua habari hizo na hakuzitoa, alitaka kumlinda rafiki yake na jina lake, dunia ikaja kuzisoma barua gazetini 1913. Napenda kijana alijue hilo mapema, kwamba wasifu unaandikwa na mtu mwenye mapenzi yake na hofu zake, na unaposoma lazima ujiulize hapa kuna nini hakijasemwa.

Vifo, nitaviongelea kwa kifupi ingawa kwenye kitabu sio kifupi. Branwell Septemba 1848 baada ya miaka ya pombe na kasumba, Emily Desemba mwaka huo huo akiwa na miaka 30, Anne Mei 1849 akiwa na 29. Miezi minane. Kulikuwa na desturi pale nyumbani, usiku dada watatu wanazunguka meza ya chumba cha kulia wakijadili wanachoandika, na baada ya hapo Charlotte akawa anaizunguka peke yake. Sababu ya vifo vingi Haworth haikuwa siri pia, ripoti ya afya ya 1850 ilionyesha zaidi ya asilimia 41 ya watoto pale walikuwa wanafariki kabla ya miaka 6, maji machafu, vyoo vichache. Kijana anayependa sayansi atashikwa hapo kuliko hata kwenye mapenzi.

Mary Shelley ndo mwenye karatasi nyingi na ndo mwenye maisha ambayo ungeambiwa ni filamu ungekubali. Kazaliwa London 30 Agosti 1797, mama yake ni Mary Wollstonecraft aliyeandika kutetea haki za wanawake kabla ya karibu kila mtu, mama huyo akafariki siku 11 baadaye kwa homa ya uzazi, kondo halikutoka na daktari alilivuta kwa mkono, enzi ambazo hakuna aliyejua habari za kunawa. Mtoto alikuwa anakwenda makaburini St Pancras kusoma kwenye kaburi la mama yake. Pale pale ndo alikuwa anakutana na mshairi Percy Shelley, ambaye alikuwa na mke na mtoto, na Julai 1814 Mary akiwa na miaka 16 wakatoroka kwenda Ufaransa pamoja na dada yake wa kambo Claire. Baba yake William Godwin, ambaye kwenye vitabu vyake aliikosoa ndoa vibaya sana, akakataa hata kumwona, huku akiendelea kumuomba Percy pesa.

Hapa wazazi wengi wanashtuka, na naelewa. Maisha haya yana mtoto mchanga anafariki Machi 1815, yana dada wa Mary, Fanny, kujiua Oktoba 1816, yana mke wa Percy, Harriet, kujitosa majini mwishoni mwa mwaka huo huo, na wiki chache baadaye Percy na Mary wanafunga ndoa. Ukimpa mtoto wa miaka 12 mwenye moyo mwepesi unamtwisha mzigo. Kuanzia 15 mimi naona sawa, tena bora kuliko hadithi za mapenzi zinazoishia kwenye kutoroka, sababu hapa anaona na bili inakuja na nani anailipa. Percy hatoki vizuri kwenye hesabu hiyo na Reef hamfichi.

Na kuna shajara. Machi 1815 Mary anaandika kwa maneno machache kwamba kamkuta mtoto wake amekufa, siku chache baadaye anaandika kwamba kaota mtoto amefufuka, alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua karibu na moto akaishi. Kisha ukifika kiangazi cha 1816 pale ziwa Geneva, Uswisi, mvua haikatiki kwa sababu volkano ya Tambora huko Indonesia ililipuka mwaka uliotangulia na vumbi likaziba jua, mshairi Byron aliyekuwa nao anasema kila mtu atunge hadithi ya kutisha, na huyu msichana wa miaka 18 anatunga hadithi ya mwanafunzi anayetia uhai kwenye kitu kilichokufa, huhitaji mtu akuelekeze inavyohusiana na ile ndoto. Frankenstein ilitoka 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi, na wengi wakadhani ni ya Percy.

Sasa kwa Mary kuna chaguo la pili na hapa inabidi uamue vizuri. Mwaka ule ule wa 2018 Lita Judge alitoa Mary's Monster. Ni kitabu cha zaidi ya kurasa 300 lakini usiogope namba, kimeandikwa kwa mashairi yasiyofuata vina wala mizani na kila ukurasa una mchoro wa rangi ya maji nyeusi na nyeupe, kijana anaweza kukimaliza jioni moja. Kinaanza na yule kiumbe wa Frankenstein mwenyewe akiongea, kisha Mary anasimulia kwa nafsi ya kwanza, mimi nilihisi hivi, mimi niliogopa hivi. Reef hawezi kukupa hiyo, Reef yuko nje anaangalia, anakupa tarehe na barua na watu wa pembeni na anakupeleka mpaka mwisho, Februari 1851, Mary ana miaka 53.

Huo mwisho ni muhimu kwangu, nikiri ndo unanifanya niegemee kwa Reef. Percy alizama Italia Julai 1822, Mary alikuwa hajafika hata 25, watoto watatu ameshawazika, mmoja tu ndo kabaki. Anarudi Uingereza 1823, baba mkwe anampa posho ya mtoto kwa masharti asichapishe wasifu wa Percy, na yeye kwa miaka inayofuata anafanya kazi, riwaya, makala, wasifu za watu wengine, analipa ada ya shule ya mwanae, anahariri mashairi ya mumewe na kuyaelezea kwenye maelezo ya chini ili azunguke lile katazo. Hakuna radi hapo wala ziwa, kuna mwanamke na kalamu na bili. Waliosoma Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert wanakumbuka jinsi Siti anavyofuatwa kutoka kwenye kuuza vyungu mpaka sauti yake inapanda kwenye santuri, kazi kwa kazi, na wasifu wa kijana ukikosa hiyo sehemu ya kazi unabaki na msichana aliyependa tu. Judge uzito wake uko kwenye ujana wa Mary na uumbaji wa yule kiumbe, ni kitabu kizuri sana na kinauma, na mwishoni ana maelezo ya alichokitoa kwenye shajara na barua, ila kijana asiposoma yale maelezo ya mwisho anaweza kudhani kila neno lilisemwa na Mary mwenyewe. Mwambie asiyaruke.

Kwa hiyo ukiniuliza nichague, nitakuuliza kwanza huyo kijana yukoje. Hapendi kusoma, anaishi kwenye simu, anachora, mpe Judge leo. Anasoma lakini anachoka haraka na anataka mambo yatokee, Mary wa Reef. Ana ndugu wengi na wanatunga michezo yao, au yuko bweni, akina Brontë. Anaandika kweli, ana miswada, anataka kujua hii kazi inalipaje na familia inakuvumiliaje, huyo ndo wa Austen, na asiharakishwe, hicho ni kitabu cha msomaji mvumilivu. Kama ni maktaba ya shule na bajeti ni ya kimoja, mimi ningechukua akina Brontë maana hakuna mzazi atakayekuja kulalamika na darasa zima litapata pa kujishikiza, ingawa moyo wangu uko kwa Mary.

Fedha yote weka kwenye wasifu, usinunue riwaya zenyewe, haki miliki ziliisha zamani na zote unazipata bure na kihalali onlaini, Jane Eyre, Wuthering Heights, Pride and Prejudice, Frankenstein. Ya Frankenstein angalia tu ni toleo gani unapakua. La 1818 ndo alivyoliandika akiwa binti, la 1831 alilirekebisha na kuliwekea utangulizi wake mwenyewe anaposimulia ile mvua ya Geneva na lile shindano la hadithi. Kijana akimaliza sura ya Geneva kwenye wasifu, iwe kwa Reef au kwa Judge, mpe huo utangulizi asome papo hapo, ni kurasa chache, aone Mary alivyoukumbuka usiku ule akiwa na miaka 34 na ni mambo gani aliamua kutoyataja.